Sapu ya Pelagia Msibani

Mzee Amedeus alizikwa jana, na nyumba yake ya Makanyagio ilifurika hadi kuku wakakosa pa kutagia. Ukoo mzima wa Kipimbwe ulishuka na fuso kutoka mashambani. Wa mtaa wa Kashaulili walikuja kwa bodaboda, na maneno yao mdomoni. Katikati ya umati huo Pelagia, binti wa marehemu, alitafuta kitu kimoja tu: ukimya.

Alikuwa na sapu. Mtihani wa matamshi ya Kifaransa ulimwangusha, na asubuhi hii ndiyo nafasi yake ya mwisho kuurudia. Akianguka tena amedisko, chuo basi. Mwalimu wake, Madamu Suzana, alimhurumia kwa msiba, akakubali Pelagia amsomee aya hizo kwa simu.

Lakini nani asiyejua kwamba mfiwa haachwi peke yake, wala hajifungii mlango? Na aombe ruhusa kwa nani? Angetaja mtihani, wangesema: baba yake hajapoa kaburini, yeye anawaza vyeti! Akanyata hadi chumba cha magunia ya mpunga, akarudisha mlango, akapiga.

"R imekaa," Madamu alisema baada ya aya ya kwanza. Pelagia akapumua. R ile haitoki ulimini kama yetu. Hukwaruzwa huko nyuma, kooni. "Sasa vokali za puani. Pole pole, moja moja."

Pelagia akaanza kuguna kwa pua. Nje ya mlango, Mama Zakia, jirani asiyepitwa na jambo, akatega sikio.

"Jamani nyie! Mtoto anakoroma huku!"

"Si nilisema?" mwanamke mwingine akadakia. "Tangu jana hajatoa hata chozi. Kilio kimemkaba."

"Tumsaidie kitoke, kitamuua!"

Mlango ukasukumwa. Shangazi Tereza, dada wa marehemu, akamkumbatia akamzamisha kifuani, na wanawake waliomfuata wakaangua kilio kwa pamoja, magunia yakatetemeka.

"Shangazi, subiri kidogo, nina..."

"Lia, mama! Usimeze! Kimwage chote!"

"Pelagia?" sauti ya Madamu ikatoka kwenye simu mkononi. "Rudia hiyo ya mwisho. Sikusikii."

Akarudia. Sauti ikazama kwenye khanga ya shangazi. Akarudia tena, kwa nguvu, na wanawake wakaona dawa inafanya kazi, wakazidisha. Awasukume? Hawa waliolala sakafuni kwa ajili ya baba yake? Habari ingefika hadi mtaa wa Nsemulwa kabla ya chai. Akaacha kujinasua.

"Siwezi kupima nisichokisikia," Madamu alisema mwishowe, kwa upole. "Na muda umekwisha, wenzako wanasubiri. Pole sana na msiba."

Hilo la pole shangazi alilisikia. Akaichukua simu kutoka vidole visivyoshika tena.

"Asante mwanangu, tumeshapoa. Ndiyo, sasa analia vizuri. Arobaini mje, wote wa huko chuoni!"

Akabonyeza penye rangi nyekundu, akarudi kumbembeleza.