Risasi Nene, Mtutu Mwembamba

Mimi si mwoga wa kuzaliwa. Nimezika mume, na nimeendesha basi la shule miaka kumi na tisa kwenye barabara za milimani zenye barafu, na wale watoto mle ndani walikuwa hatari kuliko barafu yenyewe. Lakini tangu koyote, hawa mbweha wa kwetu West Virginia, waanze kuingia zizini mchana kweupe na kuninyakulia mbuzi, nikawa naogopa hata kwenda kuokota mayai. Yule wa mwisho hakukimbia. Alisimama mlangoni mwa banda akanitazama, mdomo wote damu, nami nimeshika ndoo. Aliyekimbia ni mimi.

Ndipo nikaamua kuunda bunduki, ile inayojipakia risasi nyingine yenyewe kila ukifyatua. Kwetu hilo si jambo la kushangaza mtu. Kipande kimoja tu, kile chenye namba, ndicho sheria inachokiita bunduki, na hicho nilikifuata dukani na kitambulisho changu, nikajaza fomu. Vingine vyote aliniletea tarishi mlangoni kama mtu niliyeagiza viatu.

"Dada Verlene, wewe kiti cha kukunja tu kinakushinda," mdogo wangu Odell alisema aliposikia. "Leo utaunda bunduki?"

"Kunywa kahawa yako. Nani kakuuliza?"

Odell ni chongo. Jicho la kushoto liliharibikia mgodini, na hilo la kulia ndilo analoendeshea gari, analovulia samaki, na analochungulia nalo sufuria zangu. Hana mke, mimi sina mume, wazazi walishatangulia. Ndugu niliyebaki naye duniani ndiye huyo. Kwa hiyo kitu chochote kikiruka karibu na uso wake, kibanzi cha kuni, mafuta ya kukaangia, roho yangu inaruka nacho. Nikimwambia avae miwani ya kinga ananijibu kwamba jicho moja halihitaji vioo viwili. Mjinga mkubwa! Nampenda kupita kiasi.

Kazi niliianza Jumatatu, nikishawafikisha watoto makwao, juu ya meza ya jikoni, video inaniongoza kwenye simu. Hata nusu saa haijaisha, springi moja ndogo ilinichomoka kidoleni, ikagonga kioo cha dirisha, ikatokomea nyuma ya friji.

Odell alivua kofia, akainamisha kichwa kama yuko mazishini. "Hiyo sasa ni ya Bwana. Amina."

Nilicheka, nikatukana, nikasukuma friji. Lakini acha niseme ukweli: nilikuwa naogopa kazi yangu mwenyewe. Kila skrubu niliyokaza nilijiuliza, hii ikilegea itakuwaje? Maana baruti ile inalipukia pale pale mtu alipoegemeza shavu lake.

Kwetu kuna desturi tangu enzi za babu: aliyeunda bunduki ndiye anayepiga risasi ya kwanza. Hata ukiifungua kuirekebisha, inahesabiwa mpya, unaanza wewe tena. Kazi usiyoiamini usimpe mwenzako aijaribu. Basi Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, tulikwenda kwenye shimo la zamani la makaa nyuma ya kanisa, nikaiweka begani, nikafumba macho, nikafyatua. Ikalia mara moja. Nikavuta tena, kimya. Nikaondoa risasi, nikapakia nyingine kwa mkono. Ikalia moja, kimya.

"Umeunda bunduki ya babu yetu," Odell akasema. "Risasi moja, halafu unakwenda kula chakula cha mchana."

Wiki nzima nilihangaika nayo. Nilipaka mafuta, nikabadilisha springi, nikarudia video mpaka sauti ya yule jamaa ikanikifu. Alhamisi nikagundua. Tundu dogo linalopitisha moshi wa baruti halikukaa sawa na tundu la mtutu, kwa hiyo ile nguvu ya kurudisha nyuma chuma kinachoingiza risasi mtutuni ilikuwa inavujia hewani. Nikafungua, nikapanga upya, nikakaza. Odell ndiye aliyenishikia tochi.

Kwa kumshukuru, Jumamosi nikamwoshea magazini yake, kile kikasha cha kupakilia risasi, iliyojaa matope. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Bunduki ya Odell na yangu ni pacha, hata magazini zinaingiliana. Tofauti ni mtutu: wake unakula risasi nene, wangu nyembamba. Kila mtu huku anajua kwamba risasi nene ikishindiliwa kwenye mtutu mwembamba haitoki mbele. Inapasua bunduki, na vyuma vinarudi usoni kwa mpigaji. Ndiyo maana magazini ya risasi nene hufungwa tepu nyekundu. Ya Odell tepu yake ilikuwa imechakaa, inanuka grisi, na mimi uchafu siuwezi. Nikaibandua, nikasema nitaweka mpya. Sikuweka. Jumapili asubuhi Odell akaijaza risasi zake, akaitia kwenye mfuko mmoja na magazini zangu mbili, nami nikaubeba.

Tulipofika shimoni, zamu ilikuwa yangu. Bunduki imetengenezwa upya, fundi aanze. Nikaishika, nikaona ile skrubu niliyoikaza Alhamisi, nikaishusha tena.

"Piga wewe," nikamwambia Odell.

"Mimi? Kwani nimeunda mimi?"

"Bega linaniuma."

"Bega! Sema woga, dada. Kwa mwoga huenda kicheko." Akaichukua huku anacheka.

Nikamtupia woga wangu, yeye na jicho lake moja. Nililijua hilo wakati uleule, na bado nilinyamaza.

Tukavaa viziba masikio. Akapiga kumi mfululizo, bunduki ikitema maganda vizuri kama mashine ya cherehani, lakini kopo tulilolisimamisha hatua thelathini mbele halikuguswa hata mara moja.

"Kilengeo chako kimepinda!" akapaza sauti. "Ongeza nyingine!"

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba mkono uliingia mfukoni wenyewe, ukatoa magazini, nikampa bila kuangalia. Akaipachika. Chuma kikaenda mbele, kikakwama nusu. Odell alikuwa jeshini, na jeshini walimfundisha: ikikwama usifikiri, piga. Kuna kitufe pembeni cha kusukumia chuma kikigoma kufunga. Akakipiga kwa kiganja. Akakipiga tena.

Mimi nikainama kuchukua magazini ya mwisho ili niwe tayari. Nikaitazama. Risasi ya juu ilikuwa nyembamba. Ilikuwa yangu. Ile tuliyoimaliza ilikuwa chini karibu na kiatu chake, na hiyo pia ilikuwa yangu. Zangu ni mbili tu.

"Odell!"

Hakusikia. Akapiga kitufe mara ya tatu, chuma kikafunga.

"Odell, acha! Odell!"

Akainua bunduki, akalaza shavu. Jicho lake la kulia, hilo hilo, likawa kiganja kimoja tu kutoka pale risasi ilipokwama. Tumelelewa tukiambiwa mtu akishalenga usimguse, hata nyumba ikiungua. Mungu wangu, nilimrukia! Nilimpiga kibao cha kisogo, kofia na viziba masikio vikaruka.

Akageuka na bunduki mkononi. Mtutu ulipita kifuani kwangu ukasimama tumboni, na kidole chake bado kilikuwa kwenye kifyatulio.

"Una wazimu?" akafoka.

"Toa kidole. Odell, mdogo wangu, toa kidole. Ni risasi yako imo humo."

Alielewa papo hapo. Uso ukamwisha damu. Akatoa kidole, akaelekeza mtutu kwenye ukuta wa udongo, akailaza chini polepole kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Tukarudi nyuma wote wawili, mpaka tukagota kwenye pikapu.

"Tuiache," akasema. "Tumwite mtu."

"Nimeiunda mimi. Niliyeibandua tepu ni mimi, na niliyekupa magazini ni mimi. Kaa hapa."

Nilikwenda peke yangu. Nilichomoa magazini, nikageuza uso pembeni, nikauvuta ule mpini wa kurudishia chuma nyuma, haukusogea. Ilibidi nigonge kitako cha bunduki ardhini huku navuta, na kila nikigonga nilingoja mlipuko. Nilisali kwa sauti, nikachanganya sala na matusi. Mara ya tano chuma kikaachia, risasi ikarukia kwenye nyasi, ncha yake imezama ndani ya ganda kwa jinsi ilivyoshindiliwa.

Nikaiokota, nikarudi kwenye pikapu, na hapo hofu ikageuka hasira, maana mimi ndivyo nilivyo.

"Basi, mimi nimekosa! Nimekosa kabisa! Lakini wewe ulikuwa umeishika mkononi. Umezitumia risasi hizi miaka sita. Ulishindwaje kuona? Tazama ilivyo nene! Hata kuku angeona!"

Hakunijibu kwa mzaha. Nikampa ile nene na moja nyembamba, akaziweka kiganjani. Akazisogeza karibu na pua. Akazisogeza mbali. Halafu akapitisha kidole gumba juu ya moja, akapitisha juu ya nyingine.

"Hii," akasema. Alipatia.

"Umepapasa."

Akazifunika zile risasi kwa vidole.

"Odell. Umepapasa."

"Katikati hapaonekani, dada," akasema. "Pembeni naona. Nikikutazama usoni naona nywele zako tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nimekwenda nimechelewa. Anasema na lililobaki litakwenda."

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nikahesabu safari zote alizonipeleka tangu Pasaka, zile kona za mlimani, malori ya magogo yanayoshuka kasi, yeye kwenye usukani anapiga mluzi. Asubuhi hiyo hiyo alinipeleka kanisani, kisha akanileta hapo shimoni. Nikaogopa kuliko pale mtutu ulipokuwa tumboni kwangu.

"Nipe funguo," nikasema.

Nilitegemea atabisha. Alizitoa mfukoni, akanyoosha mkono kunipa, akazipeleka mahali ambapo mkono wangu haukuwepo, nami nikausogeza.