Magoti ya Cicily

Mwalimu Kaimenyi alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu aliingia ofisini kama anayekuja kusahihisha madaftari. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka Kibirichia hadi Makutano, ilipo ofisi ya chama chetu cha wakulima wa viazi, akasimama mbele ya meza ya Kendi.

"Nilijiandikisha kupokea barua pepe zenu," alisema. "Mwaka mzima sijaona hata moja. Mnanibagua?"

Kendi ndiye hutuma barua hiyo kila Jumatatu: habari za baridi kali, ugonjwa wa majani, siku mbegu zinapofika. Alimvutia kiti.

"Hatubagui mtu, Mwalimu. Kwani umekuwa ukilima bila habari?"

"Mke wangu hunieleza. Cicily ana magoti ya ajabu. Yakiuma, anasema baridi itaanguka Alhamisi, na kweli inaanguka. Mwezi wa tatu yalimwambia mbegu zimefika."

"Magoti yalisema mbegu zimefika?"

"Mimi nimesoma sayansi, lakini hayo magoti nayaheshimu."

Kendi aliuma mdomo asicheke. Akafungua kwenye kompyuta lile dirisha jeusi lisilo na picha, ambalo huandikwa amri tu, akachapa:

list_members viazi | grep -i kaimenyi

"Hapa naiambia itoe majina yote ya orodha," alieleza, "halafu inichujie yenye Kaimenyi peke yake."

"Herufi kubwa na ndogo?"

"Hiyo i ndogo inasema isijali."

"Vizuri," alisema Mwalimu, kama anayetoa alama.

Mistari miwili ikatokea. Wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa cicily.kaimenyi. Kendi aliufunika kwa kiganja haraka, kwani anwani ya mwanachama si ya kuonyeshwa mtu mwingine, lakini alichelewa. Mwalimu alikuwa ameshavaa miwani.

Alitoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Cicily, magoti yako hali gani leo?"

"Yananiuma kidogo, Baba Thuranira. Nadhani Ijumaa kutakuwa na barafu shambani."

"Na hayo magoti yana anwani ya barua pepe?"

Halafu kicheko kikapasuka huko Kibirichia, kirefu, mpaka Kendi naye akashindwa kujizuia.

"Nisamehe, Kendi," Mwalimu alisema kwa uso mkavu. "Huyu nimeishi naye miaka arobaini."

"Wewe si ulisema mambo ya kompyuta ni ya waliosoma?" Cicily aliuliza, bado akicheka. "Nikaenda kwa Beverlyne wa duka la simu pale sokoni, akaniandikisha. Nikikwambia nimesoma kwa simu, unabisha mpaka jioni. Nikisema ni magoti, unachukua jembe."

Kendi aliinamia kibodi, akachapa amri nyingine:

list_members --nomail=bybounce viazi

Hiyo huonyesha waliosimamishiwa barua kwa sababu zilikuwa zinarudi. Walikuwa wanne, na Mwalimu alikuwa mmojawao.

"Shida ndiyo hii," Kendi alisema. "Sanduku lako limejaa. Barua zilirudi mara nyingi, mashine ikakusimamishia."

"Limejaa nini?" Cicily aliuliza kutoka kwenye simu.

Lilikuwa limejaa picha za harambee za kanisa na video za kwaya ambazo Mwalimu alikuwa akijitumia mwenyewe zisipotee. Alikaa pale ofisini saa moja na nusu akizifuta, akimsimulia mkewe kila moja na kuuliza kama ina haja, huku Cicily akimwamulia kwa simu: hiyo futa, hiyo acha, hapo umependeza. Ziliposalia chache, Kendi alimfungulia tena barua na kumtumia barua ya wiki hiyo. Simu ikalia. Mwalimu aliisoma mstari kwa mstari, akakuta kosa moja la tahajia, akamwonyesha.

Ijumaa barafu ilianguka kweli. Miche yao ilipona. Walikuwa wameifunika kwa nyasi tangu Alhamisi jioni, wote wawili, wakibishana nyasi ziwe nene kiasi gani.

Siku hizi majirani hukusanyika kwao Jumanne. Mwalimu husoma barua kwa sauti ya darasani, na Cicily hueleza maana yake kwa Kimeru. Kaimenyi akiongeza maoni yake, mkewe humuuliza hayo yako mstari gani.