Ukikaa Hakuna Atakayeuliza

Fremu ya kuegemea wakati wa kutembea ilikuwa imeegeshwa mlangoni, mbali na mkono wa Una Treloar. Wahudumu wa makao ya wazee walikuwa wamemkalisha kitini tangu chai ya asubuhi, nyonga yake mpya ikimuuma, na vumbi jekundu la Whyalla, mji wa viwanda wa Australia, limetanda kwenye kioo cha dirisha.

Daktari aliyempasua alimwambia waziwazi: "Sindano peke yake hazitoshi. Usipotembea damu itaganda mguuni, na donge likipanda mapafuni halibishi hodi."

Una alimwelewa. Maisha yake yote alisimama, akiwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Kukaa ndiko kulikomshinda.

Alibonyeza kengele. Ikalia weee. Mwishowe akaja Litia, mhamiaji kutoka Fiji, mhudumu pekee wa upande ule, glavu zingali mikononi.

"Nitembeze kidogo, mwanangu."

"Nakuja, bibi. Nimemwacha mzee bafuni, hana nguo."

Hakurudi.

Baada ya chakula cha mchana Una alijiinua mwenyewe. Akashika ukuta, akaburuta mguu, akafika kwenye korido. Hakukuwa na mtu. Milango yote ilikuwa wazi, na kila chumba kilikuwa na televisheni inayojisemea. Gaynor, meneja wa makao yale, akamkuta hapo.

"Una! Unataka kuniponza?"

"Nataka kutembea. Daktari kasema."

"Daktari hayupo hapa. Ukianguka, wakaguzi wa serikali watanijia juu mimi."

"Na nikikaa?"

"Ukikaa hakuna atakayeuliza, kipenzi."

Akarudishwa kitini. Gaynor akamfungia kimeza mbele, komeo likabana nyuma ya kiti, asikoweza kufika.

Jioni Litia alipoleta supu, Una alimshika mkono.

"Hebu gusa hapa."

Kigimbi kilikuwa kimevimba, cha moto. Litia alishtuka, akamkimbilia Gaynor. Gaynor akaja naye, ameshika simu yenye spika wazi, akampa Una. Binti wa Una, Roslyn, alikuwa akipiga kutoka Perth.

"Mama! Naambiwa hujaanguka hata mara moja. Si bora hapo kuliko kuishi peke yako?"

"Ros, mguu wangu..."

Gaynor akaichukua simu taratibu. "Kachoka tu. Leo kazurura huyu!"

Yeye na Roslyn wakacheka.

"Tuite ambulensi?" Litia alinong'ona.

Gaynor alifunika simu kwa kiganja. "Daktari anapita kesho. Wewe kibali chako cha kazi unakitaka, hukitaki?"

Litia akainamisha kichwa, akatoka.

Una alivuta pumzi, ikakwama katikati. Kicheko cha bintiye kikaondoka na Gaynor koridoni, kikififia. Mezani supu ilipoa, ikaanza kuganda juu.