Chakula cha Mgonjwa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ti, kikanyamaza. Nje giza lilikuwa bado halijaondoka. Baada ya muda kikagonga tena, ti. Bibi alikuwa macho, amelala chali, anasikiliza kupitia ukutani. Kila mlio ulimwambia kwamba mkwewe ameshusha tone jingine la maji, na kwamba limekubali kukaa.

Huyo mkwe alikuwa fundi cherehani, mjane wa mwanawe. Mume alipofariki, kila mmoja alingoja mwenzake aseme anahama. Hakusema mtu, wakabaki hivyo, wakipokezana ufunguo wa mlango na sufuria ya chai.

Na sasa Fundi alikuwa amepunguzwa tumbo. Si kitambi, tumbo lenyewe la ndani, lile linalopokea chakula. Daktari aliwachorea mfuko kwenye karatasi, akaukata kwa mstari wa kalamu, akasema sehemu kubwa itatolewa na kitakachobaki ni chembamba kama ndizi.

"Wengine hudhani hii ni njia ya mkato," aliwaambia. "Sivyo. Kabla ya kupasuliwa utaishi kwa vya kunywa tu, ili ini lisinyae tupate pa kupitisha mikono. Ukishapasuliwa, ni maji kwa kijiko, kisha supu iliyochujwa, kisha vya kusaga. Vitamini utameza maisha yako yote. Nywele zitapukutika, lakini zitaota. Na kuna siku utajuta. Siku hiyo usikae peke yako."

Fundi aliuliza swali moja tu. "Nitaweza kukanyaga cherehani?"

"Magoti yakitua mzigo, utakanyaga."

Maana magoti yalikuwa yamegoma, sukari ilikuwa imepanda, na usiku pumzi ilimkatika usingizini mpaka Bibi alizoea kuamka na kumtikisa bega. Kwa hiyo walikubali. Lakini kazini, kwenye chumba cha mafundi wenzake, Fundi aliaga kwamba anakwenda kutolewa uvimbe.

"Kule jina langu ni Godoro, Mama," alimwambia Bibi. "Wakijua nimekatwa tumbo ili nipungue, watanishonea gauni la maneno nilivae mpaka nizeeke. Waache na uvimbe wao."

Bibi akasema sawa. Hakujua alichokubali.

Maana mafundi walikuwa na moyo. Tangu Fundi arudi kutoka hospitali walipeana zamu, kila jioni mmoja anapiga hodi na chombo kilichofungwa kwa kitambaa. Mtu aliyetolewa uvimbe amepoteza damu, sharti ale. Mmoja aliacha chumvi, kwa kuwa alisikia chumvi haimfai mgonjwa. Mwingine alichambua samaki mwiba kwa mwiba, nyama yote imebaki laini. Bibi aliyaona hayo, na ndiyo yaliyomshinda. Angewezaje kumwaga samaki aliyechambuliwa hivyo? Jirani naye angempa vipi, na jirani ana mdomo? Basi alikaa jikoni, akavuta kigoda, akala yeye.

Kesho yake anarudisha chombo kinang'aa.

"Amekula?"

"Amekula. Ahsanteni sana."

Wiki ya kwanza ilikuwa kama mchezo. Wiki ya tatu Bibi alikuwa amechoka kula jinsi watu wanavyochoka kupalilia. Gauni lake la nyumbani lilimbana makwapani mpaka akawa anachota maji kwa mkono mmoja.

"Mama," Fundi alimwambia, akimtazama kutoka kitandani, "nimepasuliwa mimi, unanenepa wewe."

Walicheka, Fundi akishika vidonda vyake. Halafu kicheko kikaisha, akageukia ukuta. Siku hizi alikuwa hivyo. Kijiko cha viazi vilivyopondwa kilimchukua muda wa kupinda pindo zima. Akimeza haraka, kifua kinakaba. Akinywa maji pamoja na chakula, vyote vinarudi. Alikuwa akilia bila sababu, na akiulizwa anasema amechoka tu. Muuguzi alikuwa amemwonya Bibi pembeni: mtu asimbembeleze akala kigumu, mishono ya ndani bado mibichi, anaweza kurudishwa kwenye meza ya upasuaji.

Jioni hiyo aliyepiga hodi alikuwa mpiga pasi wa pale kazini, mwanamke wa mabega mapana, wanamwita Pasi Moto kwa sababu ya mdomo wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nipe hicho nikipeleke jikoni."

"Jikoni hakiendi." Pasi Moto alipita nacho, akachukua sahani kabatini, akaingia chumbani, akaketi pembeni ya kitanda, akafungua kitambaa, akapakua. Wali, na kuku juu yake. "Leo nataka nimwone akila. Sahani nimeiazima hapo kwenye kabati lenu, msinisumbukie."

"Amekula sasa hivi," alisema Bibi.

"Amekula nini? Mtazame mashavu. Kila siku tunaleta, kila siku vyombo vinarudi vyeupe, na mwenzetu anakwisha kama sabuni." Akamtazama Bibi kuanzia kichwani, macho yakasimama kwenye kwapa lililobanwa. "Samahani, Bibi, mimi sijui kuzunguka. Chakula chetu kinakwenda wapi?"

Bibi alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba yeye hakili? Alikuwa anakila. Kwamba si chakula cha mgonjwa? Kilikuwa cha mgonjwa. Akatazama vidole vya miguu yake, na uso ukamwaka kama aliyekutwa kwenye ghala la watu.

"Hebu lete," alisema Fundi.

Alijiinua kwa kiwiko, akachukua kipande cha kuku. Bibi aliona kinavyopanda kuelekea mdomoni, akamshika mkono.

"Usile."

"Ee," alisema Pasi Moto polepole. "Kumbe niliyosikia ni kweli, kwamba unamnyima."

"Mama, niachie."

"Sikuachii. Waseme watakavyo. Nimeshazeeka, nitasemwa miaka mingapi?"

Fundi alimtazama mkwewe. Kisha akakirudisha kipande kwenye sahani, akafuta vidole kwenye shuka, na akasema, bila kupandisha sauti, kama mtu anayetua ndoo:

"Sikuwa na uvimbe. Nimepunguzwa tumbo. Lililobaki halifiki ukubwa wa ngumi yako. Nikila hicho naweza kurudi hospitali. Mama amekuwa akila badala yangu ili ninyi msijue."

Pasi Moto alikunja kile kitambaa, akakiweka kando.

"Kwa nini tusijue?"

"Mnaniita Godoro."

"Na wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

Pasi Moto aliangalia mikono yake, ile yenye makovu ya chuma. Baadaye akavuta sahani, akaiweka mapajani.

"Bibi, kaa. Leo pumzika. Hiki nakila mimi."

Akala. Alikula chote, kama anayefanya kazi, bila kuinua macho, na mara moja akapitisha nyuma ya mkono shavuni. Bibi aliketi ncha nyingine ya kitanda, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

"Inauma?" aliuliza Pasi Moto.

"Mwanzo maji yalikuwa yanauma. Sasa ni uchovu. Kuna siku nauliza kwa nini nilikubali."

"Na magoti?"

Fundi alifikiri. "Jana nilikwenda msalani bila kushika ukuta."

"Basi." Akasimama, akaosha sahani mwenyewe, akairudisha kabatini. Mlangoni alisita. "Bibi, unisamehe. Na kule kazini niwaambie nini?"

"Usiwaambie," Fundi alijibu kutoka kitandani. "Nitawaambia mwenyewe nikirudi. Waambie tu chakula basi."

"Sawa, dada."

Hilo la dada lilikuwa jipya. Bibi alilisikia, na akaona kwamba Fundi naye amelisikia. Pasi Moto alikuwa ameshavaa viatu.

"Kesho upite tena," Fundi alimwambia. "Usilete kitu. Njoo tu ukae."