Mahindi ya Mpakani

Taurayi alikuwa ananoa jembe la palizi alipoona mahindi ya dada yake yamepita paa la ghala. Jana yalikuwa kiunoni. Akamaliza kunoa, akaenda kupalilia.

Shamba hilo la wilayani Gutu waliachiwa na baba yao. Taurayi na mdogo wake Mavhuto waligawana nusu kwa nusu. Dada yao Sekesai, aliyerudi kutoka kwa mume, wakampa tuta la mpakani. Taurayi alipanda mahindi meupe ya marehemu baba, Mavhuto mekundu ya ukweni kwake. Msimu uliopita upepo ulimwaga mbelewele za mekundu juu ya meupe pale mpakani, na Sekesai akaokota masazo ya mavuno ya hapo akayafanya mbegu.

Sasa kunguru walijenga viota vileleni, na Sekesai alivuna kwa ngazi. Hindi moja alilibeba mgongoni kwa mbeleko. Taurayi alitazama mahindi yake akayaona majani ya mbuzi. 

"Kaka, yanakuchungulia mpaka bafuni," Mavhuto alimtania.

Taurayi hakucheka. Alimfuata dada yake.

"Umeyawekea nini?"

"Mvua, kaka. Hiyohiyo yako."

"Mbona yangu yamedumaa?"

"Yako yameoana ndugu kwa ndugu tangu enzi za babu. Yangu yana baba wa mbali."

"Tuta tulikuazima tu. Ondoka."

Sekesai alijitwika godoro akaelekea kwenye miamba ya juu ya mto, mahali pasipo udongo. Mabua yakang'oa mizizi yao moja baada ya jingine, yakamfuata kwa mstari. Taurayi aliliondoa jembe njiani ili yasijikwae.

Wazee wa ukoo waliketi, wakakubaliana kwamba mahindi ni ya Sekesai, kwani yamechagua yenyewe.

"Na ardhi?" Sekesai akauliza.

"Ardhi ya mwanamke iko kwa mumewe," mzee mmoja alijibu, wenzake wakaitika. Kisha wakaomba mahindi machache ya kuchoma, akawapa.

Siku ya pili ndugu wawili waligawana lile tuta. Taurayi alilisogeza jiwe la mpaka hatua moja upande wa Mavhuto, akajifuta jasho. Kule miambani dada yake alikuwa anaunganisha ngazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Taurayi alisimama akimtazama, na roho ikamuuma vilevile.