Hatua Tatu Mtaroni

...asisimame sasa, jamani, asisimame, miezi kumi na saba Tolkyn hajasimama, aje asimame leo, humu mtaroni, kijiji kizima kimelala kifudifudi kama magunia ya sufu kikingoja wanajeshi walipue bomu lao kule nyikani, lakini mtoto kashika bega la mama yake, kajiinua, na moyo wa Nurzipa ukaruka hata akasahau woga, simama basi mwanangu, simama... safari ile wingu la bomu lilipopita alikuwa na mimba ya miezi sita, alipanda paani kuokoa jibini alizoanika, jibini tu, angejuaje, vumbi likamjaa kichwani, na tangu Tolkyn azaliwe hampakati bila kumpapasa miguu, ina joto, inarusha mateke, mbona haisimami, na mama mkwe, Bi Kulpash, amekwisha kusokota kamba nyeusi na nyeupe ya mila, ya kumfunga miguuni na kuikata siku atakapotembea, kamba yenyewe imeanza kuliwa na nondo...

"We mkamwana, mlaze huyo mtoto!"

"Mama, anasimama!"

"Nimeona, mimi si kipofu, mlaze!"

na afisa mwenye saa anapaza sauti, "Chini! Dakika mbili!", na mzee Saparbek, chini ya blanketi lake, "Dakika mbili zako hizo tangu asubuhi, mbuzi wangu atazaa mara mbili hujalipua," watu wakacheka pua zikiwa mavumbini, Tolkyn naye akacheka, akaachia bega, kaachia! moja... mbili, anayumba, ee Mungu, anayumba... tatu, akaanguka kifuani mwa mama, Nurzipa akamfunika kwa mwili wake wote, analia, anacheka, vile vimiguu vinampiga tumboni, vizima, vizima kabisa, na vitakanyaga udongo gani sasa, udongo huu? vumbi hili hili? hapana, kuna treni ya kwenda mji wa Karaganda, kuna kaka yake huko, mume yuko malishoni na kondoo, atafuata, asipofuata shauri yake, na yeye ambaye miaka mitatu hajamjibu mama mkwe ila "ndiyo, mama", akaisikia sauti yake mwenyewe,

"Mama, kesho namchukua Tolkyn, naenda kwa kaka yangu, haturudi tena huku."

Bi Kulpash akamgeuzia uso wenye udongo, akamtazama, akamtazama...

"Inamisha kichwa kwanza," akasema, akavuta blanketi lake akawafunika wote wawili, "halafu muulize huyo kaka yako kama ana nafasi ya kikongwe,"

na afisa bado anaitazama saa yake, na bomu bado...