Mkono Uliopita Ukutani

Fundi mitambo wa redio ile alikuwa mwanamke, na watu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi alipojisahau. Kituo kilikuwa cha familia. Baba yao alikianzisha juu ya jengo la maduka, akafariki, akawaachia mjane na watoto wawili. Fundi akashika mitambo. Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, akashika ofisi na kutaka aitwe Meneja. Mama akabaki na neno la mwisho, ingawa hakulitumia ovyo.

Meza ya Fundi ilikuwa vurugu mechi. Kompyuta nne: ya kurusha vipindi, ya matangazo ya biashara, ya kupokea simu za wasikilizaji, na ya kurekodi. Kila moja na skrini yake, kibodi yake na kipanya chake, hata kikombe cha chai kilikosa pa kutua. Mara ngapi alisukuma kipanya cha upande huu huku ameikodolea macho skrini ya upande ule, akashangaa kwa nini kishale hakitii? Shingo ilimkakamaa, bega likawa linalia kama bawaba kavu. Akaomba anunuliwe kisanduku cha kuhamia kompyuta moja hadi nyingine. Akaomba, akaomba tena, mpaka ulimi ukaota sugu.

Siku Meneja alipokileta, Fundi alimkumbatia. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu, vitufe vinne mbele na msitu wa waya nyuma. Sasa alikuwa na kibodi moja, kipanya kimoja na skrini moja. Ukibonyeza kitufe cha kwanza uko kwenye kompyuta ya kurusha, cha pili uko kwenye matangazo, na zile nyingine zinaendelea na shughuli zake chini ya meza bila kukusumbua. Fundi aliweka chai yake mezani na viwiko vyote viwili, akahisi kama amehamia nyumba mpya.

"Na huu waya mwingine?" aliuliza. Ulikuwa mnene, umetoka nyuma ya kisanduku na kupenya ukutani kuelekea ofisini.

"Wa akiba, dada. Siku ukiugua tutaendesha kazi kutokea upande ule. Usijali."

Hakujali. Ndugu yako wa tumbo moja akikuambia usijali, utajali nini?

Baada ya muda kishale kikaanza utundu. Fundi anaondoa mkono ajikune, kishale kinajongea chenyewe, kinasimama, kinajongea tena kama mdudu anayenusa njia. Alifuta kipanya. Akabadilisha kipanya. Akaenda dukani kilikonunuliwa, akamtolea mwenye duka maneno ya kutoa nyoka pangoni. Kisha akamweleza mdogo wake.

"Labda ni baba huyo," Meneja akasema huku akicheka. "Bado anakagua kazi."

Fundi naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumuuma kuliko yote.

Asubuhi moja, katika kipindi cha wasikilizaji kupiga simu na kutoa ya moyoni, aliingia hewani mwanamke mwenye sauti kavu. Mtangazaji, aliyeitwa Kasuku kwa wingi wa maneno yake, alimkaribisha kutoka studio, upande wa pili wa kioo. Mwanamke akasema mumewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Mashine imemla vidole vya mkono wa kulia. Wakubwa wamemwambia aende nyumbani, arudi kazini akipona.

"Nawauliza nyinyi mliosoma," mwanamke akasema. "Vidole vinaota? Maana tangu aumie hakuna hata mmoja aliyekuja kumjulia hali, na yule msimamizi wao, ambaye aliambiwa mashine ni mbovu, akasema..."

Fundi alikuwa ameegemeza mashavu viganjani, anasikiliza. Mikono yake haikugusa kitu. Akakiona kishale kinakatiza skrini moja kwa moja, hakinusi njia tena, kinajua kiendako. Kikatua kwenye laini ya mpigaji. Kikabonyeza. Sauti ikakatika katikati ya sentensi, skrini ikahamia kompyuta ya matangazo, na kabla Kasuku hajafumbua mdomo, likalia tangazo la biashara. La sabuni. Ya kiwanda kilekile.

Fundi aliutazama ule waya mnene, akaufuata kwa macho mpaka ukutani. Damu ikampanda kichwani. Akainuka, akavuka ukumbi mbele ya wafanyakazi, akafungua mlango wa ofisi bila hodi, akauacha wazi. Juu ya meza ya Meneja kulikuwa na kibodi, kipanya na skrini, na ndani ya skrini hiyo alikuta kazi yake mwenyewe, kama alivyoiacha.

"Hiki nini?"

"Dada, punguza sauti, tuko hewani..."

"Hewani kuna sabuni! Nauliza hiki nini?"

"Ni usalama tu. Kile kiwanda ndicho kinachotulisha. Kikiondoka, tutakula mawe?"

"Siku zote hizi nafuta kipanya kama mwehu. Nimemtukana mtu wa watu dukani kwake. Wewe umekaa hapa unanichezea, halafu unamsingizia marehemu baba!"

"Nilikuwa natania."

"Ungekuja! Mlango wako na wangu inatazamana. Ungekuja ukasema, 'Fundi, mkate yule mama.' Ningekataa, tungegombana kama watu. Lakini umemziba mdomo kwa mkono wangu. Kila mtu hapa atadhani ni mimi niliyemkata!"

Hakungoja jibu. Alirudi chumbani kwake, akapiga komeo, akakigeuza kisanduku. Ule waya ulikuwa umekazwa kwa skrubu mbili ndogo. Akazifungua kwa kucha, ukucha mmoja ukavunjika, akauchomoa na kuutupa sakafuni. Kisha akaitafuta namba ya yule mwanamke kwenye kompyuta ya simu, akaipiga. Meneja alikuwa ameshafika mlangoni, anagonga kwa ngumi. Kasuku, nyuma ya kioo, alimtazama Fundi kwa macho ya kuku aliyeona kisu.

"Mlinikata," mwanamke akasema alipopokea.

Kasuku akamnyooshea Fundi kidole kupitia kioo. Fundi akavuta kipaza sauti cha mitambo, akaingia hewani mwenyewe.

"Tulikukata, mama. Mtandao hauna kosa. Tulikukata. Haya, endelea mpaka umalize."

Akaendelea. Aliyasema yote, na mengine hayafai kurudiwa mbele ya watoto.

Kabla ya adhuhuri kiwanda kilikuwa kimeondoa matangazo yake. Jioni mama aliwaita nyumbani. Meneja alijieleza vizuri, hilo hata Fundi hakulipinga: bila kiwanda kituo kitayumba, na wafanyakazi wana watoto. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia bintiye.

"Mwombe radhi mdogo wako. Umemfokea mbele ya watu wake."

"Siombi, mama."

"Haya. Na wewe, kitinda mimba. Huenda ni kweli njaa inakuja. Lakini anayetaka kumnyamazisha mtu akae mbele za watu, amnyamazishe anaonekana. Kesho utakaa kule kwa dada yako."

Akakaa. Alivuta kiti cha plastiki kando ya Fundi, shati limemlowa jasho, na simu zikamiminika: wake za wafanyakazi, wafanyakazi wenyewe, hata mlinzi mstaafu wa kiwanda. Mmoja alipoanza kuwataja wakubwa kwa vyeo vyao, Meneja akakohoa. Fundi akamsogezea kipanya.

"Chukua. Ni kimoja tu, kinatutosha wote."

Meneja alikitazama. Hakukigusa. Akainuka, akatoka, na siku hiyohiyo akaondoa kibodi na skrini ofisini kwake.

Kiwanda hakikurudi. Kipindi kimoja cha jioni kilikufa, na Kasuku sasa anasoma habari asubuhi na kupiga deki mchana. Yule mume mwenye mkono mbovu aliitwa kazini, akapewa kufungua na kufunga geti. Mkewe alipiga tena kusema kwamba hilo si jibu, na hakukatwa.

Majirani walimsihi Fundi amsamehe mdogo wake. Walimkumbusha kuwa ndugu wakigombana, wewe shika jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. "Basi limeni kwanza," aliwajibu.

Kila asubuhi Meneja hupita na kusema, "Shikamoo, dada." Mwanzoni Fundi aliujibu ukuta. Siku hizi humjibu usoni, "Marahaba," kwa kuwa ni mdogo wake na hilo halibadiliki. Lakini Meneja akiingia chumba cha mitambo kutafuta kitu, Fundi huiondoa mikono yake kwenye kibodi, huikunja kifuani, na hukitazama kishale mpaka mdogo wake atoke.